Kwanza Muto, Nyuma Nyungu: Juu ya Nkala Tunayempika Nyumbani



Katika vijitabu vya namna hii tumezoea kusifu. Mmoja anasifu ngoma, mwingine anasifu mukanda, wa tatu anasifu mashauri ya wazee chini ya mti. Ni vizuri, sikatai. Lakini mila inayosifiwa kila mwaka bila kuulizwa inafanana na nguo ya sikukuu iliyofungwa ndani ya sanduku: siku ya kuitoa, unakuta panya wameshaila. Kwa hiyo leo mniruhusu nigombane kidogo. Nitagombana juu ya nkala.

Niwaelezee jambo lenyewe. Katika mkutano mmoja wa watu wa kwetu pale Kolwezi, akina mama walipanga vyakula vya nyumbani juu ya meza: bukari ya muhogo, sombe, uyoga, viwavi vilivyokaushwa, na katikati bakuli kubwa la nkala ndani ya mafuta mekundu ya ngazi. Harufu yake ilinirudisha utotoni mara moja. Msemaji wa sherehe akashika mikro, akapaza sauti: «Hii njo chakula ya kwetu! Bankambo balikulaka, na siye tutakula!» Watu wote wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga.

Nilipopewa sahani yangu nikamuuliza polepole mama aliyepika: «Mama, hawa nkala wametoka wapi?» Hakuficha. Akasema: «Mutoto wangu njo alibakamata leo asubui, kule chini ku kale kamuto.» Ninakijua kale kamuto. Kinapita chini ya mtaa wao, kinatoka upande wa machimbo. Kuna siku maji yake yana rangi ya chai ya maziwa, kuna siku yana ukijani ambao si wa majani. Akina mama wa mtaa wenyewe waliacha zamani kuloweka muhogo pale. Nikaweka sahani chini.

Mzee mmoja aliyekaa karibu nami, mtu ninayemheshimu sana, akaona. Akacheka, akasema kwa sauti ili meza nzima isikie: «We umesoma sana, mpaka umekuwa muzungu. Bankambo balikulaka, balikufa?» Watu wakacheka naye. Sikumjibu, kwa sababu kwetu mtoto hamjibu mzee mbele ya watu. Ninamjibu hapa, kwa heshima, na kwa kirefu.

Jibu langu ni hili. Anayeuliza mto hajawa muzungu. Yeye ndiye mjukuu wa kweli wa nkambo. Sheria ya kwanza ya nkala nyumbani kwetu haikuwa pilipili wala mafuta, ilikuwa mto. Sisi tumebaki na sahani, na sheria tumeitupa. Halafu tunaita hayo kuhifadhi mila.

TUMJUE KWANZA

Wako vijana wanaodhani kwamba kula kaa ni desturi ya watu wa pwani ya bahari, na sisi tumeiga. Wasikilize maneno yenyewe. Pwani wanasema njaa, Waluba wanasema nzala. Pwani wanasema kukaa, sisi tunasema kwikala. Pwani wanasema kaa, Waluba na Wabemba wanasema nkala. Ni neno moja la Kibantu, la zamani sana. Kiswahili cha pwani kimeangusha tu ile «l» ya katikati. Watu hawabebi jina la mnyama katika safari ndefu namna hiyo kama hawamjui. Nkala alikuwa mezani kwetu kabla ya meza.

Lakini nkala wetu si kaa wa bahari. Wataalamu wa wanyama wanamweka katika jamaa ya Potamonautes, kaa wa maji baridi wa Afrika, ambao wanazaliwa, wanakua na wanakufa mtoni bila kuona chumvi. Na kuna tofauti moja inayotuhusu sana jikoni. Kaa wa bahari ana mayai maelfu kwa maelfu, na yakipasuka, watoto wake wanaelea majini mbali na mama. Nkala wa mtoni ana mayai machache na makubwa. Anayabeba chini ya tumbo, ndani ya kile kifuniko kilichokunjwa, na yakipasuka, watoto wanatoka wakiwa tayari nkala wadogo kabisa, wanaendelea kushikamana na mama. Ukimpika mama mmoja umepika nyumba nzima. Ndiyo maana nkambo yangu, kabla ya kumtia nkala kikapuni, alimgeuza na kufunua kile kifuniko kwa kidole. Akikuta mayai au watoto, alimrudisha chini ya jiwe lake. Hakuwa amesoma kitabu chochote. Alikuwa anataka kula tena mwaka kesho.

Jambo lingine. Damu yetu sisi ni nyekundu kwa sababu inabeba hewa kwa chuma. Damu ya nkala inabeba hewa kwa shaba, na ikiguswa na hewa inaonyesha rangi ya buluu kidogo. Kwa hiyo nkala ni raia wa kweli wa mkoa wetu wa Lualaba: alikuwa na shaba ndani ya mwili muda mrefu kabla Union Minière haijaundwa mwaka 1906. Mulikumbuke hilo, tutalirudia.

NAMNA NKAMBO ALIVYOMPIKA

Nitaeleza taratibu, kwa sababu vijana wengi wanamjua nkala akiwa tayari ndani ya mchuzi, na mambo yote muhimu yanafanyika kabla ya mchuzi.

Tulikwenda wakati wa kiangazi, wakati vijito vinavyoingia mto Lulua vimepungua na mawe yanaonekana. Nkambo alitangulia kuangalia maji, si nkala. Je, samaki wadogo wanakimbia? Je, kuna mtu anayeloweka muhogo upande wa juu? Je, kuna mtu aliyetia dawa ya kuulia samaki? Wazee walitumia majani ya buba, kwa siku maalumu na kwa ruhusa. Siku hizi kuna wanaomwaga dawa ya wadudu ya shamba, Mungu awasamehe. Akiona kitu kimoja tu hakimpendezi, tulipanda juu zaidi, hata kama jua ni kali na sisi watoto tunalia. «Kwanza muto, nyuma nyungu,» alisema. Ndipo tulipoanza kuinua mawe polepole kwa nyuma na kumshika nkala mgongoni, vidole nyuma ya magando.

Nyumbani waliingia ndani ya beseni la maji safi, si mengi, wapate kupumua. Juu ya beseni ubao, na juu ya ubao jiwe, kwa sababu nkala anapanda kuliko mwizi. Walilala humo usiku mmoja, na maji yalibadilishwa mara mbili au tatu, ili watoe matope ya tumboni. Ukiamka usiku unawasikia wanakwaruza. Asubuhi aliyekutwa amekufa alitupwa, hata kama ni mkubwa kuliko wote. Nyama ya nkala inaoza upesi sana baada ya kufa, na hakuna pilipili ya kuificha. Leo sokoni ninaona watu wananunua nkala walionyamaza ndani ya mfuko wa plastiki tangu jana. Mnunuzi mwenye akili anamgusa kwanza. Asipoinua gando, mwache pale pale.

Kumuua, nkambo hakumrarua angali hai. Alimwagia maji yanayochemka, na kazi ikaisha mara moja. Halafu alimsugua magando na miguu kwa mchanga, akasuuza. Akamgeuza, akang'oa kile kifuniko cha tumbo, akaingiza kidole gumba pale nyuma na kutenga ganda la mgongo na mwili. Ndani, kila upande, utaona vitu laini vya kijivu, kama vidole vidogo vilivyopangwa: ndiyo anapumulia. Vyote vinatolewa, hakuna kinachobaki. Nyuma ya macho kuna kifuko kidogo cha tumbo, nacho kinatolewa. Mwili unakatwa vipande viwili, magando yanapigwa jiwe pigo moja tu, ili yapasuke bila kusagika ndani ya nyama.

Sasa nyungu. Maji, chumvi, na nkala wachemke kwa nguvu. Hapa nkambo hakuwa na haraka. Aliweka nyungu ya nkala juu ya moto, akasonga bukari, akaifunika, akafagia jiko, na nkala walikuwa bado wanachemka. Kwa saa ya leo si chini ya nusu saa. Ndipo alipochukua mafuta ya ngazi, kitunguu, tomati na pilipili, akawageuza nkala humo, na mwishoni akaongeza unga wa karanga uliokorogwa na maji ya moto. Mchuzi unashika kwenye ganda, na ukinyonya gando hutaki kusema na mtu.

Wale wadogo walitwangwa ndani ya kinu. Akamimina maji, akachuja kwa kitambaa mara mbili, na yale maji ya kijivu yakachemshwa muda mrefu mpaka yakaganda kidogo kama yai, kisha akatia mboga. Na hapa kuna jambo ambalo wengi wamelisahau: siku ile, katika kinu kile, hakutwangwa kitu kingine. Kinu na mchi vilimwagiwa maji ya moto, vikaanikwa juani. Tulidhani ni usafi wa mwanamke mzee tu. Nitaeleza kwa nini sivyo.

KWA WANAOONA HAYA

Kabla sijamjibu mzee wangu, neno fupi kwa kundi lingine: wale wanaokunja pua na kusema nkala ni chakula cha njaa, cha watoto wasio na shule. Haya hiyo imetoka wapi? Sehemu kubwa imetoka kambini. Union Minière iliwapa wafanyakazi wake posho, unga na samaki mkavu na nyama kwa kipimo, na pole pole mtu wa kambi akaanza kuamini kwamba chakula cha heshima ni kile kinachotoka ghalani, na chakula kinachotoka mtoni ni cha mshamba. Posho imekwisha, haya imebaki. Leo mtu huyo huyo anamnunulia mgeni samaki wa barafu aliyevuliwa baharini Namibia, akasafiri ndani ya friji nchi mbili tatu, na anaona amemheshimu. Lakini nkala aliye hai, wa leo asubuhi, anamficha nyuma ya nyumba mgeni akipita.

Kule Kenya, Dabaso karibu na Watamu, wanakijiji wa ukingo wa mikoko wamejenga jumba la kulia juu ya nguzo, na wageni wanatoka mbali kuja kulipa pesa wale kaa pale. Hawakuona haya, na mikoko yao wanailinda kwa sababu inawalisha. Hayo yanatosha kwa wenye haya. Ugomvi wangu mkubwa hauko nao.

«BANKAMBO BALIKULAKA, BALIKUFA?»

Mzee wangu, ndiyo, walikufa. Wengine walikufa kwa chakula, ila hakuna aliyeandika sababu.

Kuna mnyoo mmoja wa mapafu, unaitwa Paragonimus. Unajificha ndani ya nyama ya kaa wa maji baridi, mdogo hata jicho halimwoni. Mtu akila kaa asiyeiva vizuri, mnyoo unatoka tumboni na kupanda mpaka mapafuni, unakaa humo miaka. Mgonjwa anakohoa, makohozi yana rangi ya kutu au damu, na kila mtu anasema ni kifua kikuu. Anameza dawa za kifua kikuu miezi na miezi, na haponi, maana ugonjwa si huo. Unajulikana sana Kameruni na Nigeria. Wakati wa vita vya Biafra, kati ya 1967 na 1970, wagonjwa waliongezeka kule, kwa sababu watu wenye njaa walikula kaa wa mtoni bila kuwa na nafasi ya kuwapika sawasawa. Dawa yake iko, prazikwanteli, ile ile ya bilharzia, lakini lazima kwanza muuguzi ajue. Mtu anayekohoa damu aseme wazi mbele ya muuguzi: mimi ninakula nkala. Asione haya.

Mnyoo huo hauuawi na ndimu, wala chumvi, wala pilipili kali, wala pombe. Unauawa na moto wa kutosha. Sasa rudini kwenye nyungu ya nkambo inayochemka wakati bukari inasongwa, inafunikwa, na jiko linafagiwa. Rudini kwenye kinu kilichomwagiwa maji ya moto. Kwa maana mnyoo unaweza kubaki ndani ya kinu, juu ya kisu, juu ya mikono, na kesho ukaingia kinywani pamoja na pilipili mbichi iliyotwangwa humo. Nkambo hakuwa na mikroskopu, lakini watu wake walikuwa wameona mambo kwa miaka mingi, na yale waliyoyaona waliyageuza kuwa kazi za mikono.

Na sisi? Tunamkumbuka nkala wa kuchoma juu ya makaa ukingoni, jinsi ganda lilivyokuwa jekundu na ndani maji maji. Ndiyo, watoto wote tulifanya hivyo, kwa kujificha! Nkambo alipotukuta alitupiga. Leo wako wanaoandika kwamba kuchoma kule ndiyo mapishi asili ya Sandoa. Utundu wa watoto umegeuzwa kuwa mila, na fimbo ya nkambo haitajwi hata kidogo.

MOTO HAUUI SHABA

Lakini mzee wangu anaweza kusema: sawa, tutachemsha nusu saa, hata saa nzima, mambo yamekwisha. Hapana, baba. Hapa njo panapouma.

Mto wa nkambo si mto wa Kolwezi. Lulua inatoka kwetu kuelekea kaskazini, inaingia Kasai. Musonoi, inayopita Kolwezi, inaingia Lualaba. Maji hayo hayakutani paka mbali kabisa, kule Kwamouth, ambako Kasai inaingia mto Congo. Juu ya Musonoi na Luilu kumejengwa machimbo na viwanda kwa miaka mingi. Kiwanda cha Luilu kilianza kazi mwaka 1960. Mwaka 1967 serikali ikachukua mali ya Union Minière na ikazaliwa kampuni tuliyozoea kuiita Gécamines. Tangu miaka ya 2000 zimekuja kampuni nyingine nyingi, na wachimbaji wa mikono kwa maelfu. Kila mmoja ameosha madini yake, na maji yameteremka.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu wanaoishi karibu na machimbo na viwanda vya Katanga. Kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko yote iliyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida popote. Mwaka 2018 wakachapisha matokeo ya mtaa wa Kasulo, hapo hapo Kolwezi, na watoto ndio waliokuwa wameguswa zaidi. Haya yametoka katika chuo chetu wenyewe, tusiyaite maneno ya muzungu.

Na nkala? Anaishi chini, ndani ya matope, mahali ambapo metali zinatua. Anakula kila kilichokufa hapo. Mwili wake umezoea kushika shaba, maana ni ya damu yake, lakini chumvi pia ni ya mwili wetu, na hakuna anayekula gunia lake. Metali zinazozidi anaziweka hasa katika vile vidole vya kupumulia na katika yale mafuta ya manjano yaliyo ndani ya ganda, ambayo ninyi na mimi tunayapigania mezani kwa sababu ndiyo matamu. Afrika ya Kusini wataalamu wanawakamata kaa wa mtoni wa jamaa hii hii ili kupima uchafu wa metali katika mto. Wao wanamtumia kama kipimo, sisi tunakitia kipimo hicho mafuta ya ngazi na kukila.

Moto unaua mnyoo, lakini kobalti haifi kwa sababu haikuwa hai. Ukichemsha siku nzima, itabaki ndani ya mchuzi. Na msidhani hatari inakuja pole pole tu. Tarehe 18 Februari 2025, ng'ambo ya mpaka kule Zambia, ukuta wa bwawa la uchafu wa mgodi ulipasuka, tindikali ikateremka mpaka mto Kafue, na samaki wakaelea wakiwa wamekufa. Mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Yale ni maji ya jirani zetu, na ukanda wa shaba ni ule ule.

NANI ANA KOSA?

Msidhani ninamlaumu mama yule wa bakuli. Hana kosa. Kutoka Kolwezi mpaka Sandoa, wakati wa mvua, njia yenyewe mnaijua. Lori linaweza kulala ndani ya matope siku nyingi. Mama huyo ana hamu ya kwao, ana watoto wa kulisha, na mtoto wake ameleta chakula bila kuiba. Mwenye kosa ni sisi tuliosoma, tulioshika mikro, tulioandika vijitabu, tuliopiga makofi.

Fikirini vizuri makofi yale yana maana gani. Kila mara tunapokula nkala wa mto uliokufa na kuita «chakula ya kwetu», tunawapa wenye viwanda cheti cha bure. Kesho, mtu akilalamika juu ya maji, ataambiwa: mbona watu wenu wanavua pale, wanakula, wanacheza ngoma? Sisi wenyewe tutakuwa tumetia sahihi. Tumeficha maiti ya mto kwa mafuta ya ngazi.

Kwetu mtu akifa, hatupiki karamu na kusema bado yuko. Tunalia, tunauliza kilichomuua, na mwenye deni analipa. Kwa nini mto usililiwe?

NINACHOOMBA

Kwanza, katika kila mkutano wetu, mpishi wa nkala, au wa samaki wa mtoni, aseme jina la mto kabla ya sala ya chakula. Dakika moja inatosha. Bakuli lisilo na mto lisipandishwe mezani, hata kama limepikwa na mke wa rais wa chama.

Pili, wasichana na wavulana wafundishwe kazi yote, si mchuzi tu: kumgeuza, kufunua kifuniko, kumrudisha mwenye watoto, kumlaza ndani ya maji safi, kumtoa vile vya kijivu, kumchemsha mpaka mwisho, kuosha kinu kwa maji ya moto. Anayejua mchuzi tu hajui kupika nkala.

Tatu, tulio Kolwezi tuache kabisa nkala wa vijito vya machimbo. Hamu itatuuma, najua. Hamu ile tuipeleke mahali pake: kwa wakubwa wa mtaa, wa mji na wa mkoa, kwa barua zenye majina yetu, tukisema mto huu ulikuwa unatulisha, na leo hautulishi.

Nne, ndugu mlioko Sandoa, msilale. Maji ya Lulua yapimwe leo yakiwa mazuri, na matokeo yaandikwe na kuhifadhiwa, ili siku machimbo yatakapofika ukingoni muwe na karatasi ya kuonyesha jinsi yalivyokuwa. Mtu asiyeandika uzima wa ng'ombe wake hawezi kudai akifa.

Na kwako, baba mzee, uliyecheka: sina hasira. Ninakualika. Kiangazi kijacho, Mungu akitupa uzima na njia ikakauka, twende pamoja Sandoa. Wewe ulete mafuta ya ngazi, mimi nitainua mawe. Tutapanda kijito mpaka mahali ambapo nkambo angekubali. Tutalaza nkala ndani ya beseni usiku mzima na kuwasikiliza wakikwaruza. Siku ya pili utanyonya magando mpaka jioni, na mimi sitakuuliza kitu chochote, kwa sababu mto tutakuwa tumeshauuliza.